Hasi Elfu Mbili

Mtu akikuambia ukinzani hauwezi kuwa hasi, mlete kwangu. Usibishane naye, utajichosha bure. Mlete tu nimkalishe kwenye stuli, nimwoneshe kwa mita. Zamani hata mimi ningebisha, tena kwa ukali. Miaka ishirini nimefungua mashine za hospitali, nimeshika rezista, vile vijidude vya kuzuia umeme, nyingi kuliko vijiko, na sijaona duka linalouza hata moja yenye alama ya kutoa. Lakini siku ya mtihani wangu wa tatu nilisimama mbele ya watu kumi na wawili nikashikilia kwamba huo ukinzani hasi upo, na kazi yangu yote ilikuwa inaning'inia kwenye kale kamstari kadogo.

Nianze na kazi yenyewe. Mimi ni fundi katika karakana ya hospitali, chumba kirefu nyuma ya ghala la dawa, chenye meza sita na feni moja inayozunguka ikijisikia. Wananiita Mama Lehemu. Kwa miaka sita nimekuwa kaimu mkuu wa karakana hiyo. Kaimu ni cheo cha ajabu: lawama zote zako, kiti si chako. Mwaka huu uongozi ukaleta barua kwamba mkuu wa karakana lazima awe na cheti cha fundi daraja la kwanza, na asiye nacho ampishe mwenye nacho. Mtihani huo nilikuwa nimeshaufanya mara mbili na kuanguka mara mbili, na kanuni inaruhusu mara tatu tu. Kwa hiyo nikianguka tena, Jumatatu ningemkabidhi funguo mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kulehemu waya.

Kilichonimaliza mara zote mbili ni swali moja, la saketi yenye chanzo tegemezi. Nitalieleza kidogo, usikimbie. Saketi yoyote, hata ikiwa imejaa vitu kama droo ya jikoni, ukiishika kwa nyaya mbili na kuitazama kutoka nje, unaweza kuichora upya kama chanzo kimoja na rezista moja. Basi! Vurugu lote linageuka vitu viwili. Hiyo ndiyo kanuni ya saketi mbadala, na kila nikiifikiria nasisimka. Ili uipate hiyo rezista moja, unazima vyanzo vya umeme vilivyomo ndani, halafu unahesabu kinachobaki.

Hapo ndipo nilipokuwa nazama. Kuna vyanzo huru, kama betri, ambavyo vinatoa umeme vyenyewe bila kumwangalia mtu. Na kuna vyanzo tegemezi, ambavyo vinatoa kulingana na kinachopita sehemu nyingine ya saketi hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza nilivizima vyote kwa mkupuo, kama mtu anayefunga ofisi Ijumaa, nikaanguka. Mwaka wa pili nikawa nimeshaambiwa kwamba tegemezi hakizimwi, ila hakuna aliyeniambia sasa kifanywe nini. Nikaacha ukurasa mweupe, nikatoka nikilia mpaka kituo cha basi.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Amestaafu ualimu wa hesabu, anaishi nasi, hajawahi kugusa waya maishani mwake, na hana subira hata ya kusubiri chai ipoe. Jumamosi moja asubuhi alikuta nimeinamia daftari pale mezani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Lete hilo daftari hapa. Tangu alfajiri unasonya, hata redio siisikii."

Nikamsogezea. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mchoro. "Rezista naijua, nimeshakusikia ukizitukana. Hili umbo la almasi ndiyo nini?"

"Chanzo tegemezi, Mama. Rezista hii ikipitisha mkondo wowote, chenyewe kinapitisha mara tatu yake."

"Na rezista isipopitisha kitu?"

"Nacho hakipitishi kitu."

"Sasa wewe unataka kuzima kitu ambacho swichi yake iko kwa mwenzake?" Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, umeolewa humu miaka kumi na saba na hujajifunza kitu? Baba mkwe wako, Mungu amrehemu, hakuwa anakasirika mwenyewe. Alikuwa anasubiri nikasirike mimi, halafu yeye anakasirika mara tatu. Ukitaka kuijua nyumba yetu, kumnyamazisha yeye hakukusaidii. Unasimama mlangoni, unanichokoza mimi kidogo, halafu unaangalia nyumba inakujibu nini."

Mume wangu, aliyekuwa anapita na ndoo, akacheka mpaka akamwaga maji.

"Wewe cheka tu," mama yake akamwambia. "Umetoka huko huko."

Nikakamata kalamu. Kumchokoza kutoka nje! Usizime chochote kilicho tegemezi. Chukua volti zako za kujaribia, zisukume kupitia zile nyaya mbili, pima mkondo unaoingia, kisha gawanya. Nikasukuma volti nane. Rezista ilikuwa ya omu elfu nne, kwa hiyo ilichukua miliampea mbili. Almasi, ambayo mshale wake ulikuwa unafuata njia ile ile ya rezista, ikachukua mara tatu yake, yaani sita. Jumla nane. Volti nane kwa miliampea nane ni omu elfu moja, maana miliampea ni sehemu ya elfu ya ampea. Saketi nzima ikawa rezista moja ya elfu moja! Nilipiga meza vikombe vikaruka.

"Mama! Imetoka!"

"Nimeiona. Fanya nyingine."

Nilifanya nyingine, na nyingine, wiki tano mfululizo. Ndani ya hizo wiki tano niliunguza maharage mara mbili na sikujuta.

Siku ya mtihani tulikuwa watahiniwa kumi na mmoja katika karakana ya chuo cha ufundi. Asubuhi tunaandika, mchana wanasahihisha, alasiri tunasomewa alama zetu mbele ya wote na kila mmoja anasaini. Mtahini mkuu tulimwita Bwana Rula, kwa sababu rula haimtoki mkono wa kulia, utadhani imeota hapo. Akikubali jambo anagonga meza nayo mara moja, akikataa mara mbili.

Nikafungua karatasi, na swali langu likawa linanisubiri ukurasa wa tatu. Rezista ya omu elfu nne, na almasi ya mara tatu pembeni yake. Nilikaribia kucheka kwa sauti. Kisha nikaona mshale. Walikuwa wameugeuza. Hii almasi haikuwa inachukua mkondo kutoka kwangu, ilikuwa inaurudisha.

Sawa. Nikasukuma volti nane. Rezista ikachukua miliampea mbili. Almasi ikarudisha sita. Kati ya sita zile, mbili zinamezwa na rezista, nne zinabaki, na hazina pa kwenda isipokuwa kurudi kwenye nyaya zangu. Yaani mimi ndiye ninayesukuma, na mimi ndiye ninayepokea! Volti nane, miliampea hasi nne. Ukinzani: hasi elfu mbili.

Nikarudia mara tatu na jibu likagoma kubadilika. Nikaandika hasi elfu mbili, nikapiga mstari chini yake, nikakabidhi karatasi.

Alasiri Bwana Rula alifika kwenye jina langu, la tano katika orodha. "Mama Lehemu. Arobaini na nane."

Kufaulu ni hamsini.

Sikusikia waliofuata. Nilikuwa naziona funguo za karakana zikitoka mkononi mwangu. Alipomaliza aliniita mezani kwake, akafungua karatasi yangu, na sauti yake, niseme haki, ilikuwa ya upole.

"Mama, umepoteza alama sita hapa, kwa kitu kidogo mno. Mwongozo wa kusahihishia unasema elfu mbili. Wewe umeandika hasi elfu mbili. Hesabu yako yote ni safi. Naona ni kuteleza kwa kalamu tu. Andika hapa pembeni kwamba umeteleza, nikupe alama zako sita, uende nyumbani na cheti."

Akanisogezea kalamu. Jamani, nisidanganye: niliichukua. Nilikuwa na hamsini na nne mkononi, kiti changu, funguo zangu, na nilichotakiwa kufanya ni kuandika neno moja.

Lakini wodi ya watoto tuna mashine ya kusikiliza pumzi za wachanga. Miaka mitatu ilikuwa inanitesa. Ukiiunga kwa waya wake mfupi inatulia, ukiiunga kwa waya mrefu inapiga mluzi mpaka wauguzi wanaziba masikio. Nimebadilisha kila kitu ndani yake isipokuwa jina, na kila mwezi inarudi. Pale mezani, kalamu mkononi, nikaelewa ghafla. Sikuwa nimekosea kuitengeneza, ila kuna sehemu ndani yake inayorudisha zaidi ya inachopewa, na kwenye waya mrefu hicho kinachorudi kinazunguka na kujiongeza mpaka kinalia. Ule mstari wa hasi ndio uliokuwa unapiga mluzi miaka yote hiyo! Sasa niseme ni kalamu imeteleza? Nikaona hasira inanipanda, hasira tamu, ya mtu aliyemkamata mwizi wake kwa kola.

"Sikuteleza, Mkuu," nikasema. "Nadai meza."

Kudai meza ni kanuni ya zamani ya mtihani wetu, imebandikwa ukutani na hakuna anayeisoma. Mtahiniwa asiyekubali jibu la mwongozo anaweza, kabla ya kusaini, kudai saketi iundwe mezani na ipimwe mbele ya wote. Lazima aandike ubaoni kabla mita itasoma nini. Ikisoma hivyo, anapata alama zote na mwongozo unarekebishwa. Isiposoma hivyo, karatasi yake yote inafutwa. Miaka kumi na moja hakuna aliyethubutu, na wa mwisho kuthubutu, wanasema, siku hizi anauza viatu.

"Mama, fikiri," Bwana Rula akanong'ona. "Una arobaini na nane. Unaweza kutoka hapa na sifuri."

"Arobaini na nane na sifuri, kwangu zote ni njia moja ya kurudi nyumbani."

Akagonga rula mara moja.

Nikaenda ubaoni, nikaandika: *Volti nane. Miliampea nne, zinarudi.* Mtunza vifaa, mama mmoja mnene mwenye funguo shingoni, akaleta rezista ya elfu nne, kisanduku cha chanzo tegemezi chenye kitufe cha kuzungusha, na pawasaplai ya mezani, kile kisanduku cha kutolea umeme. Kitufe akakiweka kwenye tatu. Wenzangu wote kumi wakaja kuzunguka meza, wengine wakapanda juu ya stuli. Akaunga nyaya, akaweka volti nane, akawasha.

Mshale wa voltimita ukaruka. Haukusimama kwenye nane, ulipita kumi, ukapita kumi na mbili, ukajibamiza mwisho wa kioo na kubaki pale ukitetemeka. Mtu akapiga ukelele. Mtunza vifaa akazima haraka.

Rula ikagonga meza mara moja, ikanyanyuka kugonga ya pili.

"Subiri!" Nilipiga kelele mpaka nikajishangaa. "Mkuu, subiri. Meza ni yangu."

"Saketi imekataa, Mama. Tumeiona sote."

"Kanuni inasema meza ni ya mtahiniwa mpaka yeye mwenyewe aseme amemaliza," akasema mtunza vifaa, huku akifuta mikono kwenye aproni. "Mimi huwa naisoma. Nafagia chini yake kila siku."

Rula ikabaki hewani. Mimi naikodolea macho ile pawasaplai kama mtu aliyeniibia. Na hapo mikono yangu ikafikiri kabla ya kichwa. Hizi pawasaplai nazifungua kila wiki! Ndani yake hakuna kitu cha kupokea mkondo. Zinajua kutoa tu. Ukizirudishia, hazina pa kuuweka, na volti zinapanda zenyewe. Kwa hiyo ule mshale uliojibamiza haukuwa unanikana hata kidogo. Ulikuwa unapiga kelele kwamba kuna mkondo unarudi na mlango umefungwa!

"Naomba rezista ya omu elfu moja," nikasema. "Iungwe kwenye pawasaplai yenyewe, sambamba, kabla ya mita ya mkondo."

"Ya nini?" Bwana Rula akauliza, lakini alikuwa ameshainama juu ya meza.

"Kwa volti nane, hiyo itakunywa miliampea nane peke yake. Nne zikirudi kutoka kwenye saketi, zitapita humo. Pawasaplai itatoa nne tu badala ya nane, haitalazimika kupokea chochote. Tusilitegemee bomba limeze maji, Mkuu. Tuliwekee ndoo."

Bwana Rula akachukua ile rezista kutoka kwa mtunza vifaa na kuiunga kwa mikono yake mwenyewe. Mita ya mkondo aliyoichagua ilikuwa ile yenye sifuri katikati: mkondo ukiingia kwenye saketi mshale unakwenda kulia, ukirudi unakwenda kushoto.

"Washa," akasema.

Voltimita ikapanda taratibu, ikafika nane, ikatulia kama iliyopigiliwa msumari. Na ile nyingine, mshale ukasita, ukacheza, halafu ukaenda kushoto. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ukasimama juu ya nne, upande wa kushoto, mweusi, umenyooka.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Pengine ni mimi. Yule mtahiniwa aliyekuwa juu ya stuli alianguka na kuendelea kushangilia akiwa chini. Mtunza vifaa alinikumbatia funguo zake zikanichoma kifuani, nami nikamkumbatia zaidi. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, pua inanitoka, na sikuona aibu yoyote. Bwana Rula hakushangilia. Alishusha volti hadi nne, mshale ukarudi mpaka mbili, bado kushoto. Akageuza nyaya za mita, mshale ukahamia kulia, kama inavyopaswa. Akazirudisha. Kushoto. Akafungua kisanduku kuona kama kuna ujanja, akakifunga.

"Hasi elfu mbili," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea.

Akanyanyua kichwa, akawatazama wale kumi. "Niambieni ukweli, hakuna atakayepoteza alama kwa kosa la mwongozo. Nani kati yenu alipata hasi, kisha akaifuta?"

Kisha mkono mmoja ukapanda nyuma, wa yule aliyeanguka. Ukafuata mwingine. Dada mmoja aliyekaa mbele yangu asubuhi akanyanyua wake akiwa ameinamisha uso. Nilihesabu mikono saba.

"Kwa nini?"

"Tuliona haiwezekani, Mkuu," dada yule akasema. "Nilidhani ni mimi."

Bwana Rula akaitikia kwa kichwa. Akaiweka rula yake mezani, mara ya kwanza tangu nimjue, na mkono wake mtupu ukapanda polepole ukajiunga na ile saba.

"Swali hili lilikuwepo mwaka niliofanya mimi," akasema. "Nilipata hasi. Nikafikiri nimekosea, nikaifuta, nikafaulu. Baadaye wakanipa kazi ya kuandika mwongozo, nikaandika nilichofaulia. Miaka kumi na tisa."

Akavuta karatasi yangu, akafuta arobaini na nane, akaandika hamsini na nne, akatia sahihi. Aliponisogezea kalamu, niliandika haraka hata jina langu likatoka kama la mtoto wa shule. Fundi daraja la kwanza! Nilitaka kutoka mbio nimpigie simu mama mkwe, nimwambie nyumba imejibu.

Mtunza vifaa alinyoosha mkono azime.

"Usizime," Bwana Rula akamwambia. "Tafadhali. Iache kidogo."

Alivuta stuli akakaa mbele ya ile mita, mikono magotini, akautazama ule mshale upande wa kushoto. Wenzangu walikuwa wameshaanza kutoka uani wakipiga soga. Simu nikairudisha mfukoni. Nikavuta stuli nyingine, nikakaa pembeni yake, tukautazama pamoja.